Mwanangu, huko si Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza mbona tangu uhamie Kawangware, Nairobi, maharagwe hayaivi, nauli ya asubuhi si ya jioni, na wazee ukiwaamkia shikamoo wengine wanakutazama tu. Na baridi hiyo, utaiweza vipi.

Nianze na maharagwe, maana ndiyo yanayokumalizia gesi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama kwetu. Ukizidisha moto, joto la maji haliongezeki, mtungi wa gesi ndio unaisha. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha uyatokose kwa sufuria ya presha. Nyanya tia yakishaiva. Ukizitia mapema, uchachu wake huyafanya yabaki magumu.

Nauli hupanda watu wanapokuwa wengi na mvua ikianguka. Muulize makanga wa matatu namba 46 kabla hujapanda, si ukishaketi. Beba pesa ndogondogo, na chenji yako idai kabla hujafika steji.

Shikamoo wengi huko hawakuizoea, hawakudharau. Mwambie mtu mzima "habari yako, mzee", umpe mkono. Mlinzi na keateka, yule mtunza jengo, wasalimie kila siku. Wao ndio hujua mgao wa maji unarudi lini. Weka akiba mitungi ya lita 20, yenye vifuniko.

Sasa baridi, na hapa nisikilize vizuri. Juni hadi Agosti utaona watu wakiingiza jiko la makaa chumbani wapate joto. Usithubutu, mwanangu. Wengi hungoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, wakadhani sasa ni salama. Si salama hata kidogo: makaa hayo bado yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Ukiwa kwenye nyumba yenye jiko ukasikia kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, toka nje papo hapo na uwatoe wenzako, kisha mwende hospitali.

Blanketi zito na sweta za mtumba utazipata soko la Toi au Gikomba. Nunua Mei, na blanketi ulikague kwenye mwanga kabla ya kulipa.

Mama yako