Matundu ni madogo, kidonda cha ndani ni kilekile

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 45 na watoto wanne, nalima viazi huku Rungwe. Mwaka wa pili sasa hedhi inanitoka mabonge kwa siku tisa, kumi, hadi nimeongezewa damu chupa mbili. Ultrasaundi imeonyesha vivimbe, na kizazi kimekuwa kama mimba ya wiki 14. Daktari anasema kitolewe kwa upasuaji wa matundu madogo, siku mbili nirudi nyumbani. Wifi yangu anasema mwanamke asiye na kizazi ni gogo tu. Mimi hofu yangu ni mavuno. Nimesikia baada ya wiki mbili mtu anarudi kazini. Je, nitaweza kuinua debe?

Mama wa Viazi, Rungwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na debe, maana ndilo lililonishtua. Baada ya wiki mbili, hapana. Aliyesema wiki mbili alikuwa na karani akilini, mtu wa kukaa mezani na kalamu. Hakumfikiria mtu wa jembe.

Nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji miaka 27, nikuambie kinachofanyika ukishalala nusu kaputi. Unatobolewa matundu matatu au manne, moja kitovuni, kila moja kama nusu sentimita hadi sentimita moja. Tumbo linajazwa hewa ya ukaa liinuke, kamera inaingia, daktari anafanya kazi akitazama kwenye skrini. Anafunga mishipa ya damu, anakikata kizazi kutoka mahali kiliposhikiliwa, kisha mara nyingi kinatolewa kwa njia ya uke. Uke unashonwa kule juu. Sasa shika hapo: nje una matundu ya kufunikwa na plasta, lakini ndani umekatwa sawasawa na yule aliyepasuliwa tumbo zima.

Mdogo wangu wa tumbo moja alifanyiwa hivyo Dar es Salaam mwaka 2019. Jioni ileile alikaa akanywa uji. Kilichomsumbua ni bega, akadhani ni moyo, kumbe ni ile hewa inayosumbua kiwambo cha chini ya mapafu na maumivu yakasikika begani. Yalipotea baada ya siku chache. Siku ya 16 alijiona mzima, akainua ndoo ya lita 20. Damu ikatoka. Mshono wa juu ya uke ulikuwa umeanza kuachia, akarudishwa kwenye meza ya upasuaji usiku. Mimi nilipasuliwa mwaka 2001 kwa mkato mrefu wa tumbo, na kidonda kiliniuma hata sufuria ya ugali sikuthubutu kuigusa. Maumivu yale ndiyo yaliyonilinda. Wewe mlinzi huyo hutakuwa naye, na tatizo hilo la mshono wa juu kuachia huonekana zaidi kidogo kwa waliopita njia ya matundu. Kwa hiyo wiki 6 usiinue kizito kuliko birika la chai, na tendo la ndoa lisubiri wiki 8, na daktari awe ameshakukagua. Tembea kila siku, hilo ni dawa, damu isigande miguuni.

Njia ya matundu ni nzuri, siipingi hata kidogo: damu inapotea kidogo, usaha kwenye kidonda ni nadra, kitandani hukai sana. Mavuno yasikufanye uahirishe huku damu inazidi kuisha mwilini; viazi vitang'olewa na vibarua. Meza vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa ili uingie ukiwa na nguvu.

Wifi yako amekosea. Kizazi ni mfuko wa kubeba mtoto. Homoni za kike zinatoka kwenye ovari, vile vifuko viwili vya mayai, na ovari zikibaki, damu ya mwezi itakoma lakini hutaingia ghafla kwenye ukomo, ile hali ya homoni kupungua mwilini. Basi muulize daktari waziwazi kabla ya kusaini: ovari zangu mnaziacha? Nenda na mumeo, asikie mwenyewe.

Uliza pia kama shingo ya kizazi imepimwa saratani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wenye saratani ya shingo ya kizazi walioondolewa kizazi kwa matundu walirudiwa na saratani na kufariki zaidi kuliko waliopasuliwa tumbo. Kama uliwahi kujifungua kwa upasuaji, sema, maana makovu hushikana na kibofu. Na ukiamka ukakuta umeshonwa mshono mrefu, usidhani umedanganywa: daktari akiona hatari ndani, anafungua tumbo.

Ukisharudi nyumbani, homa, usaha wenye harufu, damu mbichi, mguu mmoja kuvimba au mkojo kuvuja bila kujijua, usingoje kliniki ya Jumatatu. Ondoka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na mvua ya Rungwe inanyesha.