Muulize Fundi: Gia ya tatu imegoma

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi na mwanangu tumeunda gari la LEGO Technic lenye gia nne. Ya kwanza na ya pili ziko poa. Tukiingiza ya tatu, magurudumu yanakwama, mota inalia tu. Tulifumue lote?
Mama wa Sinza

JIBU: Marahaba mwanangu. Msifumue! Gari likikaza hivyo, mara nyingi gia mbili zimeingia kwa pamoja, zinavutana. Chomoeni mota kwanza, zungusheni kwa mkono. Mota huficha ugonjwa na kula meno.

Sasa chungulieni zile pete zinazoteleza kwenye ekseli, yaani kijiti kinachobeba gia. Gia za pembeni yake, mara nyingi zenye meno 16, huzunguka bure mpaka pete izishike. Badilisheni gia polepole: kila mara ishike pete moja tu, nyingine ikae katikati. Kwenu, naona ya pili haitoki. Kile kidole kinachosukuma pete yake kimepachikwa kikiwa kimepishana robo mzunguko. Chomoeni ekseli yake, geuzeni robo, rudisheni. Mimi kosa hilo lilinikesha usiku mzima hapa Temeke, umeme umekatika, namulika kwa simu, kumbe kidole kimoja tu!

Likiendelea kuwa zito, legezeni bushi, kile kipete kidogo kinachobana ekseli isiteleze, ipite hewa nyembamba kama karatasi. Likitoa kelele ya ta-ta-ta, hiyo ni nyingine: ekseli imeteleza, meno yanarukana.