Muulize Mjomba: Hema, Mlima na Mto Ruvuma

Likizo ya Juni inakaribia, na safari hii watu wamechoka na ufukwe. Karibu kila aliyeandika anataka kulala porini, penye mlima na mto. Nimechagua maswali machache ambayo majibu yake yatawafaa na wengine.

*Shikamoo Mjomba. Mimi na mume wangu tuko Ligula, Mtwara mjini. Tunataka kupiga hema ukingoni mwa Ruvuma, tuamke asubuhi mto uko mbele yetu. Tuanzie wapi?*

Marahaba mwanangu. Anzeni kwa kurudi nyuma kutoka huo ukingo. Ruvuma ina mamba na viboko, na wote wawili wana ratiba ya usiku. Jua likishapoa kiboko anapanda nchi kavu kula majani, anapita njia ileile aliyopita jana na juzi, na haoni sababu ya kuzunguka hema lenu. Mamba yeye hawafuati. Anawangoja pale mtakapokwenda kuosha sufuria. Wenyeji waliozaliwa pale, wanaoujua mto kwa kila kona, bado hukamatwa wakichota maji au wakivuta nyavu. Mgeni kutoka Ligula ana ujuzi gani wa kuwazidi?

Kuna na hili: mto ule ni mpaka wetu na Msumbiji. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka kutoka ng'ambo wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara Vijijini. Tangu hapo mgeni anayeonekana mtoni na mizigo isiyoeleweka lazima aulizwe, na ni haki aulizwe. Kwa hiyo kabla ya kwenda popote kwenye vijiji vya bondeni, pita kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, jitambulishe, onyesha kitambulisho, sema unalala wapi na unaondoka lini. Wakikwambia usilale, usibishane nao.

Mimi ningewapangia hivi. Laleni juu, mto mwende mchana. Nendeni Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde. Pale panapoitwa Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla, na chini yake bonde lote la Ruvuma limelala hadi upande wa Msumbiji. Asubuhi ya Juni ukungu hujaa bondeni na vilele vya vilima vinachomoza juu yake. Huo mto mnaotaka kuamkia mtauona, bila kuamka mkihesabiana miguu. Jua likipanda, teremkeni na mwenyeji, mkae mchangani mbali na maji, mle, mzungumze na wavuvi, na saa kumi jioni muwe mmeanza kupanda.

Jambo moja msilisahau: juu ya uwanda ule maji ni shida ya miaka yote. Mvua inazama mchangani na kwenda kutokea chini kabisa, ndiyo maana Newala na Tandahimba wanategemea maji yanayosukumwa na mashine kutoka Mitema. Msifike pale na chupa mbili mkidhani mtaomba kwa jirani. Bebeni madumu.

*Mjomba, mwezi gani ni mzuri? Wengine wananiambia Desemba kwa sababu ndipo tunapata likizo ndefu.*

Desemba mvua inakuwa imeshaanza, na kusini mvua yetu ni ya mkupuo mmoja: inaanza mwishoni mwa Novemba, inakaa hadi Aprili, mara nyingine inagusa Mei. Barabara za vumbi zinageuka utelezi, mito inajaa. Na Ruvuma ina ujanja wake. Inaanzia milima ya Matagoro karibu na Songea, ikikusanya maji njia nzima kwa kilomita zinazokaribia 800, hivyo unaweza kuwa Nanyumbu chini ya jua kali huku maji yakipanda kwa mvua usiyoiona.

Nenda kati ya Juni na Septemba. Juni na Julai ni baridi. Najua mtu wa Mtwara mjini akisikia baridi anacheka, lakini Newala na Rondo usiku wa Julai vinataka sweta, soksi na blanketi. Kusi nayo inavuma kwelikweli huko juu, basi kamba za hema zifungwe kama za jahazi. Agosti na Septemba kunapata joto, nyasi zimekauka, na mashamba yanachomwa moto. Usipige hema katikati ya nyasi ndefu miezi hiyo, hata kama mandhari yanakuita.

Wanaotoka Dar es Salaam waulizie barabara kabla ya kukata tiketi ikiwa msimu wa mvua haujaisha vizuri. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika huko Somanga, Kilwa, na watu wakabaki njiani.

*Mke wangu amesema wazi: hema hapana. Anataka kijumba, kitanda na choo cha maana. Je, huku kwetu vipo?*

Shemeji ana haki zake. Vijumba vya mbao vya kukodi msituni, vile mnavyoviona kwenye simu, huku kwetu usivitegemee. Lakini nenda Ndanda. Wabenediktini wapo hapo tangu 1906, misheni iko chini kabisa ya mteremko wa uwanda wa Makonde, na yale maji niliyosema yanazama juu ndiyo yanayotokea huku kama chemchemi. Kuna kijani hata wakati Masasi yote imekauka. Misheni ina vyumba vya wageni. Piga simu mapema, na ukifika kumbuka uko nyumbani kwa watawa, muziki uwe wa masikioni mwako tu.

Chaguo la pili ni Rondo, mkoa wa Lindi. Hapo kuna msitu wa hifadhi ya mazingira asilia ulio chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo kibali na mwongozaji mnapata kupitia ofisi yao. Shemeji akikubali kutembea na tochi baada ya chakula cha jioni, anaweza kumsikia komba wa Rondo, ambaye uzito wake haufiki hata gramu 100 na anaishi kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Hakuna duniani kwingine. Mimi kwa hilo tu ningelala hata chini ya mwembe.

*Watoto wanataka kuogelea mtoni. Wataoga wapi?*

Kwenye beseni.

Sitanii. Mamba nimeshawataja. Kisha kuna kichocho, ambacho hakihitaji mto mkubwa: dimbwi tulivu lenye konokono, kijito kinachokwenda polepole, ukingo wenye majani ndani ya maji, vyote vinatosha. Vijidudu vinapenya kwenye ngozi, hata kwa kusimama tu maji yakiwa magotini. Mtoto aliyeingia maji ya namna hiyo apelekwe kupimwa baada ya wiki sita hivi, na msisubiri mpaka akojoe damu. Dawa ipo, inatibu. Maji ya kunywa chemsheni yatokote, na vyandarua mbebe hata kama hema lina wavu.

*Mimi ni mwalimu, Lindi. Nataka kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili Tendaguru, walale usiku mmoja. Inafaa?*

Mwalimu, inafaa kama utawaandaa kwanza darasani. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, mifupa ya dinosaria ikabebwa mabegani na vichwani mwa watu hadi bandari ya Lindi, na leo yule mjusi mkubwa amesimama Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Pale kilimani hamtakuta mfupa wa kutazama. Mtoto asiyejua hilo atasema mmempeleka kwenye kichaka. Anayejua atauliza wale wapagazi walikuwa mababu wa nani, na hapo somo lako limeanza. Kwa kulala, tumieni shule ya kijiji cha jirani badala ya mahema, na barua ipite kwa afisa elimu.

*Tule nini huko?*

Ming'oko, vile viazi vya porini. Kiangazi ndiyo wakati wake, inachimbwa, inachemshwa, inabebwa mfukoni. Ongeza mihogo, korosho za kukaanga, dagaa, mchele na nazi mbili. Jiko la gesi la mtungi mdogo ni bora kuliko kuanza kukata miti ya watu. Uraka, pombe ya mabibo, uonjwe ukishajua hamna safari tena siku hiyo.

*Naweza kwenda na mbwa wangu?*

Mwache nyumbani. Chui anampenda mbwa kuliko wewe unavyompenda.

*Sisi ni vijana sita wa Masasi, tuna Noah. Tunataka wanyama, sio mandhari tu. Lukwika-Lumesule inafikika?*

Inafikika, ila Noah yenu iishie Mangaka. Lami ya kutoka Masasi kwenda Mtambaswala itawapa kiburi, kisha mkiiacha mtakutana na mchanga. Tafuteni gari la juu, lenye kuvuta kwa magurudumu yote, na dereva aliyewahi kupita njia hizo.

Hilo ni pori la akiba, liko Nanyumbu, chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na upande wa kusini linaishia Ruvuma. Hakuna kuingia kwa kubahatisha. Nendeni ofisini kwao mapema muulize mambo matatu: ada, askari wa kufuatana nanyi, na kama kitalu mnachotaka kina wawindaji, maana msimu wa uwindaji wa kitalii huanza Julai 1 na hamtaki kulala mahali ambapo kesho yake kuna bunduki. Ndiyo maana nyie ningewaambia mwende Juni. Beba mafuta ya ziada, na nguo zisiwe nyeusi wala bluu. Mbung'o wanazifuata rangi hizo hasa. Viatu vikung'uteni kabla ya kuvaa, nge wanapenda joto lililobaki ndani. Askari akiwaonyesha mahali pa kupiga hema, pigeni hapohapo, hata kama mita mia mbili mbele mnaona pazuri zaidi. Pazuri zaidi pengine ndipo viboko wanapopita.