Fishi ya batri, variateri na chaja: majibu kwa wenye gari za telekomande

Barua za mwezi huu karibu zote ni za gari za telekomande, zile za kukimbiza ku kiwanja cha vumbi. Nimechagua nne. Kwa wenye kuanza: fishi ni kiungo cha waya wa batri, variateri njo kifaa chenye kugawia motere kuranti ya batri, Lipo ni batri ya litiamu, 2S ni seli mbili ndani yake (3S tatu, 4S nne), 5000 ni ukubwa wake kwa miliampere-saa, na 1/10 ao 1/8 ni kipimo cha gari ukiilinganisha na gari ya kweli. Ya kwanza nitakaa nayo murefu kidogo, kwa sababu batu batatu wameandika jambo moja.

Swali, kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi:
"Yaya, salamu. Nilinunua gari ya 1/10 ya okazo, ilikuja na batri ya nikeli ya volti 7.2 na ile fishi nyeupe ya plastiki. Kaka yangu akanitumia kutoka Johannesburg motere bila kaboni, variateri yake, na Lipo ya 2S ya 5000. Lipo iko na fishi ya manjano, ku variateri tulisude (tuliunganisha na bati ya moto) ile nyeupe ya zamani, basi nikatafuta adapta ya kuziunganisha. Siku ya kwanza gari ilienda vizuri sana, dakika 5 hivi, kisha ikaanza kukatakata, nikasikia harufu ya plastiki, kuangalia hivi, fishi nyeupe imeyeyuka na imeshikana, ikabidi kuikata na kisu. Batri ni mbaya ao motere?"

Mudogo wangu, batri haina kosa, motere nayo haina kosa, kosa iko ku ile fishi nyeupe. Ile njo banaita Tamiya, jina la kampuni ya Japani yenye ilitoa gari yake ya kwanza ya telekomande mwaka 1976, Porsche 934, na motere za miaka ile hazikuwa zinavuta kuranti mingi. Fishi ya Tamiya inavumilia ampere kama 15 hivi. Motere yako mupya, ukifinya gazi yote kwa mara moja, inaweza kuomba 40 na kupita, na Lipo haina kubania, inatoa yenye inaombwa.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu ukiisha kuielewa hautachoma fishi tena. Pale chuma kinagusa chuma ndani ya fishi, tuseme kwa vile imechakaa iko na upinzani wa ohmi 0.01. Ampere 15 zikipita hapo zinatoa joto la wati 2 na kidogo, mukono wako hautasikia kitu. Zikipita ampere 40, joto linakuwa wati 16, ndani ya kaplastiki kenye kutoshana na kidole! Kuranti haikuzidi hata mara 3 lakini joto limezidi mara 7. Plastiki ikilainika, chuma kinalegea, kikilegea kinagusa vibaya zaidi, na joto linapanda tena, njo maana gari ilikatakata mbele ya fishi kuyeyuka. Na adapta haikukusaidia kitu, Tamiya ilibaki palepale ku njia ya kuranti, na tena uliongeza mahali pengine pa kugusana.

Mi nasema hivi na sirudi nyuma: chagua fishi aina moja kwa gari zako zote, na kwa gari za 1/10 iwe XT60, ile ya manjano yenye Lipo yako ilikuja nayo. Inabeba ampere 60, pini zake za milimita 3.5 zimepakwa zahabu, alama za + na − zimeandikwa ndani ya plastiki yenyewe, na umbo lake halikubali kuingia kinyume. Tena batu wa drone wanaitumia sana, kwa hiyo kuipata si kazi kubwa. Ile ya T, ya Deans, inapitisha kuranti vizuri lakini kuisude ni tabu na kuichomoa na mikono yenye jasho ni tabu zaidi. EC3 ni nzuri, nguvu yake inalingana na XT60. Kama gari zako zote ni Traxxas, baki na fishi yao tu, haina shida. Wenye gari kubwa za 1/8 zenye kutembea na 4S, nyinyi chukueni XT90 ao EC5, na kama iko XT90-S ni vizuri zaidi, iko na rezistansi ndani yenye kuzuia ule mwale unaoruka wakati wa kuchomeka, kwa sababu ule mwale polepole unakula pini.

Sasa namna ya kuisude. Fishi jike, ile yenye tundu, inaenda ku batri, dume inaenda ku variateri. Usigeuze hii hata siku moja, batri njo yenye kuranti wakati wote, pini zake zikikaa wazi zikagusa funguo ndani ya mufuko utaungua. Na siku utabadilisha fishi ya batri yenyewe, kata waya mumoja, usude, funika, kisha ukate wa pili. Mi niliwahi kukata zote mbili pamoja na makasi, moto ulitoka mweupe mbele ya macho yangu na makasi ikabaki na pengo pale ilipokuwa inagusa waya, na jicho langu lilikuwa karibu sana. Tafazali, mumoja mumoja.

Mbele ya kupasha moto, chomeka dume na jike pamoja, ile ingine inashikilia pini zisihame plastiki ikipata joto. Ingiza kwanza gaini ku waya, kale kamupira ka kufunika mahali pa kusude, kenye kujibana kakipata joto (kila mutu anaisahau mara moja, kisha anafungua kazi yote upya). Feri ya kusude iwe ya wati 60 na zaidi, ile ndogo ya redio itakaa pale inapasha plastiki na bati haishiki. Paka bati ku waya, paka bati ndani ya kikombe cha pini, kisha vikutanishe, hesabu mpaka 3, toa feri, usitikise. Bati ikibaki inang'aa ni vizuri, ikikauka kama udongo, rudilia. Kisha vuta kwa nguvu. Ikitoka, ni heri itoke ku meza.

Waya nao: chukua wa silikoni, namba 12 ao 14, namba ikiwa ndogo waya ni munene. Na uchunguze na wembe, kwangua kidogo, kama ndani ni mweupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, rudisha. Sisi tunaishi ndani ya muji wa shaba, tusikubali kuuziwa rangi ya shaba.

Kitu kimoja haukuuliza lakini nakusihi: ku variateri iko programu ya kuchagua batri, nikeli ao Lipo. Kama imebaki ku nikeli, haitakata gari kwa wakati mwema na Lipo yako itakufa ndani ya siku chache. Weka ku Lipo, ikate ku volti 3.2 kwa kila seli. Chini ya 3.0 seli inaharibika na haiponi.

Swali, mama wa Kampemba:
"Fundi, mutoto wangu wa miaka 14 iko na hii gari. Kwetu kuranti inarudia usiku, basi anachomeka batri saa sita ya usiku, anaweka chini ya kitanda, analala. Baba yake anasema ni sawa na telefone. Mi naogopa."

Mama, uko na haki ya kuogopa, na nakuomba usiku wa leo isichomekwe. Telefone iko na ulinzi wake ndani, Lipo ya gari haina, ulinzi wake ni chaja na macho ya mutu. Lipo ikijazwa kupita volti 4.2 kwa seli inavimba, na inaweza kuwaka ghafla, na moto wake hauzimiki na kupiga shuka.

Lakini sitaki tu kumukataza mutoto, ni mchezo unaomufundisha mambo mengi. Chaja nyingi za gari hizi zinapokea kuranti ya nyumba na pia volti 12, angalia ku ubavu kama imeandikwa 11–18V. Kama kwenu muko na batri ya panele ya jua, achaji mchana pale, mutu akiwa anaona. Lipo ya 2S ya 5000 inachajiwa ku ampere 5, ndiyo kusema wati kama 42, ku batri ya volti 12 inavuta ampere kama 4, kwa saa moja na kidogo. Inawezekana kabisa bila kungojea usiku.

Aiweke ju ya tofali ao ndani ya sufuria ya chuma isiyotumika tena, mbali na pazia, na ndoo ya mchanga mukavu pembeni. Chaja iwe ku programu ya Lipo, hapana nikeli, na ule waya mudogo mweupe wa pini 3 uchomekwe pia, njo unalinganisha seli mbili. Kama hatacheza wiki nzima, aiache ku volti 3.8 kwa seli, hapana imejaa. Na ikivimba, hata kidogo, imekwisha, itoke ndani ya nyumba siku ileile. Mama, mwambie baba hivi, kwa heshima: gari inanunuliwa tena.

(Hizi Lipo za kawaida ziko na kobalti ndani. Inatoka huku kwetu, zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inachimbwa Kongo, malori yanapita Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, kisha inarudi kwetu batri ndani ya karto, tunanunua kwa dolari. Kila nikifungua karto mupya ninaiwaza, na inaniuma.)

Swali, kijana wa komini ya Kenya:
"Variateri yangu ya ampere 60 imeandikwa 2S peke yake. Rafiki iko na Lipo ya 3S, anasema nijaribu, gari itaruka. Motere ni 3300Kv."

Usijaribu. Ampere 60 si kinga, volti njo inaua variateri, na vipande vya ndani vya 2S havikutengenezwa kwa 3S, ambayo ikijaa inafika volti 12.6. Kv ni mizunguko kwa kila volti: 3300 mara 7.4 ni mizunguko karibu 24,400 kwa dakika, na 11.1 inakuwa zaidi ya 36,600. Hata variateri ingevumilia, meno ya plastiki ya gari yako yataisha ndani ya asubuhi moja. Ukitaka mwendo, anza na pinyo (kale kagurudumu ka meno ka ku motere) yenye jino moja zaidi, kimbiza dakika 3, gusa motere. Kama kidole hakiwezi kukaa hapo hesabu ya 5, rudisha ile ya kwanza. Na safisha feni ya variateri, huku kwetu kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 vumbi jekundu linaiziba mpaka haizunguki, na batu wanalaumu motere.

Swali, papa wa Kipushi:
"Waya mwekundu ni + kila mara?"

Hapana, papa. Inapashwa kuwa hivyo, lakini gari fulani za bei ya chini zinakuja na fishi ndogo yenye imegeuzwa, na variateri nyingi hazina kinga, zikichomekwa kinyume zinatoa moshi palepale. Chukua testeri, weka ku volti 20 za DC, waya mwekundu wa testeri ku mwekundu wa batri, mweusi ku mweusi. Kama alama ya kutoa inaonekana mbele ya namba, rangi zinakudanganya.