Maswali ya Wasomaji: Nani anasukuma mjadala wa eutanasia?

Ndugu wahariri, katika kundi letu la WhatsApp la parokia imepita video inayosema Ubelgiji wanaua watoto wagonjwa kwa sindano, na kwamba sheria hiyo iko njiani kuja Kongo. Waumini wananiuliza. Niwajibu nini? (Katekista, Kadutu)

Waambie kwamba video hiyo imeshika kipande cha ukweli na kuficha kilichobaki. Ubelgiji ilipitisha sheria ya eutanasia, yaani daktari kumaliza maisha ya mgonjwa aliyeomba, tarehe 28 Mei 2002, na mwaka 2014 ikaondoa kikomo cha umri. Kwa mtoto, masharti ni makali kuliko ya mtu mzima. Lazima aombe mwenyewe, na daktari wa akili za watoto au mwanasaikolojia athibitishe kwamba anaelewa anachoomba. Mateso yawe ya mwili, yasiyotulizika, na kifo kiwe kimeshakaribia. Wazazi nao wakubali. Kwa miaka ya 2016 na 2017 pamoja, tume inayokagua vifo hivyo iliandikisha watoto watatu.

Muumini anayesema hata mmoja ni mwingi ana hoja ya imani na ya maadili, na ana haki ya kuitoa hadharani. Lakini anayesema "wanaua watoto" bila kutaja ombi, ukaguzi wala idadi, amechagua kutisha badala ya kufundisha.

Kuhusu Kongo: kanuni yetu ya adhabu haina mlango wa pembeni kwa anayeua kwa huruma. Kuua kwa kukusudia ni mauaji, na kama kulipangwa mapema kosa linazidi uzito. Kifungu cha 16 cha Katiba ya 2006 kinasema binadamu ni mtakatifu na Serikali ina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Mtu akikuambia sheria iko njiani, mwombe vitu vitatu: jina la mbunge au seneta aliyeleta mswada, tarehe ya kuuweka mezani, na maandishi yake. Mswada wa kweli una vyote vitatu. Asipokuletea hata kimoja, usiisambaze video, na uwaeleze waumini kwa nini umeizuia.

Ninasoma kwamba watu wengi Ulaya na Marekani wanaunga mkono eutanasia. Asilimia hizo zinapatikana vipi, na makundi yanazitumiaje? (Mwanafunzi wa sheria, Ibanda)

Kabla ya asilimia, tafuta swali. Mwezi Mei 2013 shirika la uchunguzi wa maoni la Gallup liliwauliza Wamarekani kwa namna mbili. Waliosikia kwamba daktari angemaliza maisha ya mgonjwa asiyepona kwa njia isiyo na maumivu walikubali kwa asilimia 70. Waliosikia kwamba daktari angemsaidia mgonjwa huyo kujiua walikubali kwa asilimia 51. Nchi ni ile ile, na mwezi ni ule ule. Kundi linalotaka sheria litabeba 70, linaloipinga litabeba 51, na hakuna hata moja litakalokuwa limesema uongo. Kwa hiyo ukikuta namba katika gazeti bila maneno ya swali, bila jina la aliyelipia uchunguzi na bila tarehe, usiiweke katika kazi yako ya chuo.

Makundi yenyewe ni ya zamani na yana uzoefu. Uingereza, Dignity in Dying, linaloitaka sheria, lilianza mwaka 1935 likiwa na eutanasia ndani ya jina lake, likaja kubadilisha jina mwaka 2006. Mwaka huo huo wapinzani waliunda Care Not Killing. Upande wa wanaoitaka sheria, Uholanzi kuna NVVE tangu 1973, Ufaransa kuna ADMD tangu 1980. Wengi hapa kwetu wanadhani upande wa pili ni Kanisa peke yake, na hapo wanakosea sana. Marekani kuna Not Dead Yet, kundi la watu wenye ulemavu lililoanzishwa mwaka 1996, na hoja yake haitoki katika Biblia. Linasema mtu anayekosa msaidizi wa kumwogesha na kumlisha anaweza kuomba kufa kwa sababu ya kukosa msaada, si kwa sababu ya ugonjwa. Hoja hii inastahili kusikilizwa Bukavu kuliko mahali pengine pengi.

Kazi kubwa zaidi inafanyika kwa madaktari. Bunge linapoketi kujadili, huwasikiliza madaktari. Chama cha Madaktari Duniani kinapinga eutanasia, na kilirudia msimamo huo mwaka 2019. Lakini vyama vya kitaifa vinaweza kusogea: chama cha Uingereza kiliacha kupinga mwaka 2021, kikasema hakina upande. Anayeangalia kwa haraka ataona jambo dogo. Kwa wanaoitaka sheria ni ushindi mkubwa, kwa sababu hawakuhitaji madaktari waunge mkono, walihitaji tu wapinzani wapoteze shahidi wao mzito. Ukitaka kujua mjadala wa nchi unaelekea wapi, acha kelele za televisheni, soma maazimio ya mkutano mkuu wa madaktari wake.

Kisha kuna uso wa mgonjwa. Brittany Maynard, mwanamke wa miaka 29 mwenye saratani ya ubongo, alihama California kwenda Oregon ambako sheria iliruhusu daktari kumwandikia mgonjwa dawa ya kujimalizia maisha, akatengeneza video akishirikiana na kundi linaloitaka sheria, la Compassion & Choices. Alifariki tarehe 1 Novemba 2014, na chini ya mwaka mmoja baadaye gavana wa California akatia saini sheria kama hiyo. Ufaransa, sura ya Vincent Lambert, aliyeumia katika ajali ya gari mwaka 2008 na kufariki Julai 2019, ilibebwa na kambi zote mbili. Hata hivyo, kesi yake ilihusu kusimamisha chakula na maji yaliyopitishwa katika mpira, si sindano ya kuua. Kuchanganya mambo hayo mawili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi katika mijadala ya redio, na likishaingia hakuna anayejua tena anapinga nini.

Uso mmoja una nguvu, lakini haushindi kila mara. Massachusetts, jimbo la Marekani, mwaka 2012, uchunguzi wa awali ulionyesha wengi wakiunga mkono mswada wa daktari kumsaidia mgonjwa kufa. Siku ya kura ya wananchi mswada ukaanguka kwa asilimia 51 dhidi ya 49. Wapinzani, ambao fedha zao nyingi zilitoka katika taasisi za Kikatoliki, hawakutegemea mahubiri juu ya dhambi. Walishika kasoro za mswada wenyewe, kifungu kwa kifungu. Watu hukubali wazo kwa urahisi, wakasita wakionyeshwa utaratibu.

Je, ni kweli kwamba Mabruda wa Charité, wanaoendesha hospitali ya magonjwa ya akili ya SOSAME hapa Bukavu, wamekubali eutanasia? (Muuguzi, Bagira)

Hapana. Shirika hili la watawa lilizaliwa Gent, Ubelgiji, mwaka 1807. Mwaka 2017 bodi inayosimamia hospitali zake za magonjwa ya akili huko Ubelgiji, yenye walei wengi, iliruhusu eutanasia ifanyike ndani ya hospitali hizo. Mkuu wa shirika wa wakati huo, Bruda René Stockman, alikataa na kupeleka jambo Roma. Machi 2020 Vatikani ikaandika kwamba hospitali hizo haziwezi tena kuitwa za Kikatoliki. Mgogoro ni kati ya shirika na bodi hiyo. Wagonjwa wa SOSAME na familia zao hawana sababu ya kuogopa, na tunakuomba uwaambie hivyo waziwazi.

Mama yangu mkubwa ana saratani ya mlango wa kizazi. Usiku analia na kusema afadhali afe. Hayo makundi yote yanatusaidia nini sisi? (Binti, Kadutu)

Pole sana, binti yetu. Swali lako ndilo zito kuliko yote tuliyopokea, na jibu la kweli ni kwamba yanakusaidia kidogo mno. Tume ya jarida la tiba la Lancet ilihesabu mwaka 2017: kati ya tani 298.5 za mofini, dawa kali ya maumivu, na dawa za jamii yake zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Tarehe 27 Mei 2025 wabunge wa Ufaransa walipiga kura mbili siku moja: msaada wa kufa ulipita kwa 305 dhidi ya 199, na huduma ya kuwatuliza wasiopona ikapita kwa 560 bila hata mmoja kupinga. Kelele nyingi zaidi zilikuwa juu ya kura ya kwanza. Kile ambacho kila mtu anakikubali hakina kundi la kukipigia kelele, na anayeumia ni mama yako.

Lakini shinikizo likipata watu, linafanya kazi. Jirani zetu Uganda walianza na Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza wasiopona, mwaka 1993, na mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa ili wauguzi waliofunzwa waweze kuandika mofini ya kunywa.

Kwa mama yako, anza hivi. Kilio cha usiku huenda ni maumivu ambayo dawa yake imeisha nguvu. Kwa siku mbili andika kwenye daftari kila saa anapolia, mahali panapouma, na kiwango kutoka 0 hadi 10. Peleka daftari hilo kwa daktari na utaje mofini ya maji kwa jina; imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia kwa kawaida huanza na miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa 4, na daktari ndiye anayeongeza. Hutolewa kwa saa zilizopangwa, bila kusubiri maumivu yarudi. Hapo ndipo familia nyingi zinapokosea. Dozi ya kulala mara nyingi huongezwa maradufu ili apite usiku, uliza hilo. Omba dawa ya kulainisha choo siku ile ile, kwa sababu mofini hufunga tumbo na wagonjwa wengi huiacha kwa sababu hiyo tu. Usingizi wa siku mbili tatu za kwanza ni wa kawaida. Akiwa mgumu kuamka au akipumua polepole mno, usimpe dozi inayofuata, mkimbize hospitali.

Ukiambiwa mofini ni ya kuua, au itamfanya mlevi, usibishane na aliyesema. Omba kuonana na daktari mwenyewe, fungua daftari, mwonyeshe saa ulizoandika.