Kuku wamechanjwa lakini wanakoroma na kupinda shingo: jibu kwa mfugaji wa Nzega

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kuku wako wa mayai wanakoroma, wanaharisha kijani na baadhi wamepinda shingo, ilhali uliwachanja kwa maji na sasa unawapa antibiotiki. Ninafuga kuku wa mayai hapa Tabora mjini, na tatizo hili nimelishuhudia katika mabanda mengi.

Dalili hizo ni za kideri, ambacho wengi wetu tunakiita mdondo, ingawa mafua makali ya ndege nayo huweza kufanana nacho. Kwa hiyo mwite afisa mifugo wa kata leo, ili sampuli zipelekwe maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo. Kideri huletwa na kirusi, na antibiotiki haiui kirusi. Husaidia tu dhidi ya bakteria wanaovamia njia ya hewa iliyokwisha kudhoofika. Waliokufa wachome au wafukie kwa kina, na tafadhali usiwauze walio hai kwa bei ya kutupa, kwa maana ndivyo ugonjwa unavyofika mnadani na kwa mwenzako.

Sasa chanjo. Lasota, chanjo ya kideri inayotiwa majini, ni kirusi hai kilichopunguzwa makali, na kikifa kabla ya kumfikia kuku, umewanywesha maji matupu. Inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 tangu dukani hadi bandani, kwa hiyo ukikabidhiwa kichupa bila barafu, usikipokee. Maji ya bomba yana klorini inayoiua. Mimi hutumia maji ya kisima, na hata hayo huyatia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa kila lita, nikayaacha kama nusu saa ndipo niweke chanjo. Vyombo husuguliwa bila sabuni wala dawa. Kuku hunyimwa maji kwa muda wa saa moja hadi mbili, alfajiri kabla jua halijawa kali, kisha hupewa kiasi watakachomaliza ndani ya saa mbili, katika vyombo vya kutosha ili wanyonge nao wafike. Hapo ndipo wengi hukwama: vyombo vinakuwa vichache, majogoo na mitetea wenye nguvu hunywa, na waliobaki nyuma ndio ugonjwa unaoanza nao.

Chunguza pia kama walipata chanjo ya Gumboro wakiwa vifaranga. Gumboro, ugonjwa mwingine wa kirusi, huharibu kinga ya kifaranga, na kifaranga wa namna hiyo hata ukimchanja kideri vizuri kabisa, mwili wake hauitikii inavyopasa.

Upande wa banda, ninaogopa trei za mayai kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mnunuzi huzipitisha katika mabanda mengi kwa siku moja. Zangu hazitoki, na za mnunuzi haziingii. Pumba za sakafuni zilizolowa zibadilishwe mapema, kwani hewa ya amonia hukwangua koo la kuku na kumfungulia kirusi njia.

Halafu kuna kuku wa kienyeji wa majirani. Chanjo ya kideri iitwayo I-2, inayotengenezwa Kibaha, huvumilia joto kuliko Lasota, na hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi, kwa hiyo mnaweza kuchangiana mtaa mzima, na mchanje kabla kiangazi hakijakolea.