Katiba haijilindi yenyewe

Ndugu yangu, unasema katiba ya Marekani ina zaidi ya miaka 200 kwa hiyo haitikisiki. Mimi naona imeponea kwa watu wachache tu. Tarehe 2 Januari 2021 Trump alimpigia simu Brad Raffensperger, msimamizi mkuu wa uchaguzi katika jimbo la Georgia, akitaka zipatikane kura 11,780, yaani moja zaidi ya pengo aliloshindwa nalo huko katika uchaguzi wa urais wa 2020. Raffensperger, tena wa chama cha Trump mwenyewe, akakataa. Siku nne baadaye Bunge likavamiwa na wafuasi wa Trump, vioo vikavunjwa, wabunge wakajificha. Januari 2025, siku ileile aliyoapishwa tena, akawasamehe takribani 1,500 walioshtakiwa kwa uvamizi huo. Hapo ndipo ninapoogopa: afisa atakayepigiwa simu kama ile kesho ameshaona nani hulindwa.